Kivuli kwanza, sabuni baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika ukurasa wako wa barua ili niseme na wenye magari, wamiliki wa sehemu za kuoshea magari, na vijana wenzangu tunaoshika sponji tangu alfajiri hadi magharibi, kuhusu jambo ambalo kila mwaka kaskazi ikianza kuvuma hutugombanisha. Jambo lenyewe ni kuosha, kupiga polishi na kupiga waksi gari lililosimama katikati ya jua kali. Ninaifanya kazi hii hapa Dar es Salaam tangu mwaka 2007, kwanza kando ya barabara nikiwa na ndoo mbili na dumu, na sasa katika uwanja wenye kisima na mashine ya presha, na karibu kila kosa nitakalolitaja humu nimeshalifanya mwenyewe.

Nianze na lililonigharimu zaidi. Jumamosi moja ya mwezi Februari, saa saba mchana, lililetwa gari jeusi lililokodiwa kumbeba bibi harusi jioni ile. Lilikuwa limetoka mbali, injini bado inavuma joto, na boneti ilikuwa ya moto kiasi kwamba kijana aliyeiegemea aliruka kama aliyekalia kikaango. Nilimwambia mwenye gari, “Bosi, gari lina moto, tuliweke kivulini nusu saa kwanza.” Akanijibu, “Dogo, waalikwa hawasubiri kivuli.” Nikakubali, na kwa kukubali huko kosa likawa langu, maana kati yetu wawili mwenye kujua nilikuwa mimi. Tulimwaga povu gari zima kwa mara moja, kama tulivyozoea kufanya asubuhi. Kabla hatujamaliza kusugua mlango wa kwanza, povu la juu ya paa lilikuwa limeshakauka na kuacha michirizi. Tukarudi kulilowesha kwa maji ya kisima, nayo yakakauka vilevile. Kufika saa nane boneti nzima ilikuwa imejaa madoa ya mviringo, kila doa na ukingo wake mweupe, mithili ya magamba ya samaki, na hayakutoka kwa taulo, wala kwa sabuni, wala kwa kusugua. Bibi harusi alipanda gari lenye magamba. Wiki iliyofuata nilimlipa kutoka mfukoni mwangu fundi wa rangi aliyeipiga bodi ile polishi, na hata hivyo madoa mawili matatu karibu na nembo yalibaki mpaka gari lilipouzwa.

Fundi huyo ndiye aliyenitoa ujinga. Mimi, kama waoshaji wengi ninaowafahamu, niliamini kwamba tone la maji juani hugeuka kioo cha kukuzia na kuichoma rangi. Alinicheka, akaniambia niangalie tone lilivyokaa bapa juu ya bodi: miale inayopita ndani yake hukutana chini sana, sio juu ya rangi. Kinachoacha doa ni kile kilichoyeyuka ndani ya maji yenyewe. Maji mengi ya visima vya ukanda wetu wa pwani yana chumvi na chokaa. Maji yakigeuka mvuke na kupotea hewani, chumvi na chokaa hubaki pale pale tone lilipokuwa, zikiwa zimejikusanya ukingoni. Asubuhi, bodi ikiwa baridi, unayo dakika kadhaa za kuyafuta kabla hayajakauka. Saa saba, juu ya boneti jeusi, unazo sekunde, na joto la bodi huyasaidia mabaki hayo kuing'ata kliya, ile safu angavu inayoilinda rangi. Doa likiwa bichi hutoka kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ikipakwa kwa kitambaa juu ya bodi iliyopoa, ikaachwa dakika moja au mbili kisha ikasuuzwa vizuri. Likishaing'ata kliya, siki haifui dafu. Hapo ni kazi ya polishi, na kila unapopiga polishi unaipunguza kliya kidogo, nayo haioti tena.

Wenye magari hudhani joto la bodi ni sawa na joto la hewa. Katika miezi ya Desemba hadi Machi hewa ya Dar es Salaam mchana huwa nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, lakini hicho ni kipimo cha kivulini. Bodi nyeusi iliyoachwa juani hupita nyuzi 60 kwa urahisi, na nyeupe hubaki chini sana ya hapo kwa kuwa inarudisha mwanga mwingi. Huhitaji kipimajoto. Weka mgongo wa kiganja chako juu ya paa, uhesabu hadi tano pole pole. Kama umeuondoa kabla hujafika tano, gari hilo halijawa tayari kuguswa na sabuni. Nasema mgongo wa kiganja kwa sababu viganja vyetu, kwa miaka ya ndoo na sponji, vimekuwa sugu na havisemi kweli.

Kuna jambo lingine kuhusu jua letu ambalo wengi hatulifikirii tunapochagua mahali pa kufanyia kazi. Jiji hili lipo karibu nyuzi saba kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, na katika miezi ya joto, kuanzia Oktoba hadi Machi, halitoki mbali na utosi. Maana yake kwa mwoshaji ni kwamba kivuli cha ukuta, kinachotosha kabisa saa mbili asubuhi, saa sita kimejikunyata chini ya msingi wa ukuta wenyewe. Nimewaona wenzangu wakilisogeza gari hatua kwa hatua wakikifuata kivuli cha uzio hadi likakwaruza uzio. Saa za mchana kivuli cha pembeni hakipo. Kivuli cha kweli ni kile kilicho juu ya gari.

Na si kila kilicho juu kinafaa. Mwembe una kivuli kizuri kuliko bati lolote, lakini hudondosha utomvu, nao ukipata joto hushika rangi kama gundi. Mkungu hudondosha kungu na majani, na kungu iliyopondwa huacha rangi yake. Tena mti wowote mkubwa wa mjini ni makazi ya kunguru, hawa weusi wenye shingo ya kijivu ambao asili yao ni Bara Hindi na ambao waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19. Mavi yao yana asidi, na yakiokwa na jua juu ya bodi kwa mchana mmoja tu huacha alama inayofanana na ramani. Kati ya miti yote ningechagua mwarobaini, na hata huo ningeufagia chini kila asubuhi. Bati tupu lililowekwa chini huzuia jua, kisha lenyewe linakuwa jiko linalowashwa juu ya vichwa vya wafanyakazi. Sisi tulisimamisha mirunda sita mirefu, tukaezeka makuti mazito, na upande wa magharibi tukaning'iniza neti nyeusi ya kivuli, ile wanayoitumia wakulima wa bustani, kwa ajili ya jua la saa kumi linaloingia kwa ubavu. Upepo unapita, maji yanadondoka chini bila kuozesha sakafu ya mtu, na makuti yakichakaa yanabadilishwa. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko bei ya mashine moja ya presha. Nashangaa hadi leo kwamba tulinunua mashine mbili kabla ya kufikiria kuezeka.

Najua si kila kijana ana uwanja wa kuezeka, na wengi wanaosoma barua hii wataosha juani kesho kwa sababu hawana namna. Kwao nasema kwamba gari zima lisimwagiwe povu kwa pamoja. Litie maji kwanza, mengi, kulipoza, ukianzia chini na kupanda juu, lakini usimwage maji baridi ghafla juu ya kioo cha mbele kilichochemka, hasa kama kina alama ya jiwe, kwa kuwa kioo chenye ufa mdogo hupasuka mbele ya macho yako na mwenye gari hataamini kwamba ufa ulikuwepo. Uufungue mpira wa maji uliolala juani pembeni, juu ya ndoo, mpaka maji yapoe, maana yale ya mwanzo yanatoka ya moto kama ya chai. Usiyamwage, utayafulia vitambaa. Rimu za gari lililofika sasa hivi ziachwe mwisho, kinyume cha tulivyofundishwa, kwani sahani za breki zinakuwa na moto mkali na chuma cha moto kikikutana na maji kinaweza kupinda, tena dawa kali za kusafishia rimu zikikauka juu ya alumini huacha ukungu usiofutika. Kisha osha kipande kimoja kwa kimoja, ukianza na paa, halafu upande ulio kivulini: piga sabuni, suuza, futa, ndipo uhamie kinachofuata, huku mwenzako akirushia maji kidogo kile ulichokiacha nyuma. Ni kazi ya polepole na inachosha, na haipendezi kwa mteja anayetazama saa. Mwisho, kama maji yenu ni ya kisima chenye chumvi, wekeni dumu moja la lita 20 la maji ya bomba au ya mvua kwa ajili ya suuzo la mwisho la paa, boneti na vioo. Dumu moja linatosha gari dogo likimwagwa kwa kopo.

Polishi na waksi ni habari nyingine kabisa, na hapa sina ushauri wa kujipozea: juani zisipigwe. Dawa ya polishi juu ya bodi ya moto hukauka na kuwa vumbi kabla haijafanya kazi, kijana anaongeza nyingine na kukandamiza bafa, ile mashine ya kupigia polishi, joto la msuguano linajumlika na joto la jua, na kwenye kingo za milango, ambako rangi ni nyembamba, kliya inatoboka. Waksi hukauka kabla haijaenea, ukiifuta taulo linavutana nayo na kuacha mawingu yanayoonekana vizuri zaidi usiku chini ya taa za kituo cha mafuta. Hizi kotingi za seramiki, dawa za kupaka zinazoganda na kuwa safu ya kuilinda rangi, zinazotafutwa sana siku hizi, ndizo zisizosamehe hata kidogo, kwa sababu zinatakiwa kufutwa ndani ya muda mfupi sana baada ya kupakwa, na joto huufupisha muda huo. Zikiganda na michirizi, michirizi hiyo huondolewa kwa kukwangua kwa polishi na kuanza upya, kwa gharama ambayo hakuna anayetaka kuibeba. Maelezo yanayokataza jua yapo kwenye karibu kila chupa, lakini yapo kwa Kiingereza au Kijapani, kwa herufi za kusomwa na sisimizi. Waagizaji wa dawa hizi wangetutendea wema kwa kubandika sentensi moja tu ya Kiswahili: isipakwe juani wala juu ya bodi ya moto.

Nimezungumza sana kuhusu magari, Ndugu Mhariri, na wapo watakaosema bodi ikiharibika hupigwa rangi. Mwaka jana kijana wetu mmoja alikuwa ananyonya vumbi ndani ya gari kubwa la familia lililokuwa nje ya makuti, milango imefungwa ili vumbi lisirudi. Nilipomwuliza kama amemaliza viti vya nyuma alinijibu kuhusu nauli ya daladala. Nilidhani ananitania. Nilipomwuliza tena alishuka akiyumba, uso umekauka, ngozi yake ina moto kama ile boneti niliyoisimulia. Tulimlaza chini ya makuti, tukamvua gauni la kazi na mabuti ya mpira, tukammwagia maji kwa ndoo shingoni, kwapani na mapajani huku wawili wakimpepea kwa maboksi, kisha tukampakia bajaji hadi hospitali. Alipona, na sasa ndiye anayewakaripia wenzake wakifunga milango. Lakini sitasahau kwamba tulikuwa na maelfu ya lita za maji mle uwanjani, na kijana alikuwa hajanywa hata kikombe tangu asubuhi.

Unyevu wa hewa yetu ya pwani ndio unaotudanganya. Jasho hupoza mwili pale linapokauka, na kwenye hewa iliyojaa unyevu, mtu akiwa amelowa maji na povu, halikauki. Linatiririka bure, likiondoka na maji na chumvi ya mwili. Kiu inakuja imechelewa. Kikombe cha robo lita kila baada ya dakika 20 hivi ndicho kipimo tunachokifuata siku hizi, na mtungi wa maji ya kunywa unakaa chini ya makuti, sio kwenye boneti ya gari bovu kama zamani. Anayetoka jasho mchana kutwa anahitaji pia chakula chenye chumvi, au dafu, na vinywaji vya kuongeza nguvu ambavyo vijana wanavipenda havishiki nafasi ya maji. Mashati mepesi ya pamba ya mikono mirefu na kofia pana za ukili vimechukua nafasi ya singlendi, ingawa mwanzoni walicheka kwamba nimewageuza wavuvi. Kwa wenzetu wenye ualbino, ambao jua kwao ni hatari ya saratani ya ngozi, mwenye uwanja asifikirie mara mbili: kazi zao ziwe za ndani, za mapokezi na hesabu.

Sheria hazituachi bila mwongozo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ailinde afya ya anayemfanyia kazi, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya dakika 60 baada ya saa tano za kazi mfululizo. Shida ni kwamba vijana wengi wa viwanja vyetu hawana mkataba. Wanalipwa kwa gari, na anayelipwa kwa gari hawezi kuketi saa saba mchana huku mwenzake akichukua zamu yake. Ndugu yangu aliyeko Maskati ananiambia kwamba kule Omani, tangu Juni hadi Agosti, kazi za juani zinasimamishwa kisheria kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana, na msimamizi anayekiuka anaadhibiwa. Joto la kule ni kali kuliko letu, nakubali. Hata hivyo wazo lenyewe, kwamba zipo saa za mchana ambazo si za kufanyia kazi nje, bibi zetu walilijua: walilima asubuhi, wakarudi jua likipanda, wakatoka tena alasiri.

Kwa hiyo ombi langu kwa halmashauri zinazotupa vibali na kutoza ushuru ni kwamba paa la kivuli liwe sharti la uwanja wa kuoshea magari, kama yalivyo mtaro wa maji machafu na choo, na kijana anayeanza kando ya barabara aruhusiwe kusimamisha turubai bila kuambiwa kila wiki alibomoe. Kwa wamiliki wenzangu, tumejaribu kufungua saa kumi na mbili asubuhi na kusimamisha uoshaji wa nje kuanzia saa sita hadi saa tisa. Saa hizo tatu tunafua taulo, tunakula, na tunasafisha viti na dashibodi za magari yaliyo chini ya makuti, milango ikiwa wazi yote minne. Mapato ya mwezi wa kwanza yalipungua, sifichi, hasa ya Jumamosi. Wateja walipozoea walianza kuleta magari Ijumaa jioni, na wale wa harusi sasa wanaweka nafasi ya alfajiri.

Gari jeusi likifika kwetu leo saa saba mchana, tunapokea ufunguo, tunaliingiza chini ya makuti, tunafungua boneti lipumue, na mwenye gari anapewa kiti na maji ya kunywa. Wapo wanaoondoka kwa hasira kwenda uwanja wa jirani, ulio mweupe kwa jua kama chumvi. Baadhi yao hurudi Jumatatu wakiuliza bei ya kuondoa madoa, nami huwatajia bei ileile ninayomtajia mtu mwingine yeyote.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwosha magari,
Dar es Salaam